Odeta Shigela na Mashuka Meupe ya Ufukweni

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama uko jikoni, dukani, au uko mwaloni unasubiri mzigo ushushwe, sogea karibu na redio. Mimi ni Shamsa Muhidin. Leo namleta kwenu mwanamke ambaye wengi hamkuwahi kumwona, ingawa wapo kati yenu waliolala usingizi mzuri kwa sababu yake.

Anaitwa Odeta Shigela. Wiki iliyopita alizikwa kwao, wilayani Magu. Alikuwa mfuaji wa mashuka.

Narudia, kwa wale mnaojiunga nasi sasa hivi. Odeta Shigela, mama yake Gladness, mkazi wa Mabatini hapa Mwanza. Alikuwa mfuaji wa mashuka meupe. Alifanya kazi hiyo tangu akiwa msichana hadi mkono wake wa kulia ulipokataa kunyanyuka.

Wasikilizaji wapendwa, nawaomba mvumilie. Habari ya leo si tamu.

Odeta alizaliwa katika familia ya wakulima wa pamba. Alipomaliza darasa la saba, shangazi yake alimchukua akaenda naye ng'ambo, upande wa Sengerema. Huko alipata kazi kwenye zahanati moja ya misheni, kufua mashuka ya wodi ya wazazi. Mkubwa wake wa kazi alikuwa mama mmoja mtu mzima, Mama Ng'washi. Siku ya kwanza kabisa Odeta alimwaga maji ya moto kwenye shuka lenye damu. Mama Ng'washi akampiga kofi mkononi.

"Wewe! Maji ya moto kwenye damu? Unaipika hiyo, haitoki tena! Damu inataka maji ya baridi, na uvumilivu."

Odeta aliwasimulia watoto wa jirani kisa hicho mara nyingi, na kila mara alicheka. Hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Mnisikie vizuri hapo, maana tutakuja kuona alivyotendewa.

Baadaye aliolewa na Elias, dereva wa malori, wakahamia Mwanza. Elias alifariki Gladness akiwa bado mdogo, shule ya msingi. Odeta akaingia kazini kwenye hoteli moja ya ufukweni. Sitaitaja kwa jina. Gladness mwenyewe ameniomba. Aliniambia, "Dada Shamsa, wapo kina mama bado wanafua pale. Usije ukawaponza."

Basi tuiite hoteli ya ufukweni.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma, chini ya mawe makubwa. Nilimuuliza Gladness, mama yako alikuwa anafanya nini hasa hadi mashuka yanatoka meupe vile? Akaniambia hivi:

"Mama haanzi na sabuni. Anaanza na macho. Analikunjua shuka moja moja, analigeuza kwenye mwanga. Hapa kuna mafuta ya nywele, hapa kuna rangi ya mdomo, hapa mtu kamwaga chai. Kila doa analishughulikia peke yake kwanza. Ukiyatupa yote pamoja kwenye pipa, anasema umeyachafua, hujayafua."

Na maji je? Mnajua mvua zinapoanza kunyesha, bomba linavyotoa maji ya rangi ya chai. Odeta hakukubali kufua nguo nyeupe kwa maji hayo. Aliyaacha kwenye mapipa yatulie, kisha akayachota kwa juu taratibu na kuyachuja kwa kitambaa. Dawa ya kung'arisha aliitumia kwa nadra. Alisema inakula uzi; leo shuka linawaka, baadaye linageuka njano, halafu linachanika mgeni akijigeuza. Yeye aliyachemsha kwa sabuni ya kipande, akayasuuza na kuyasuuza tena hadi maji yatoke kama yalivyoingia. Mwisho kabisa aliweka buluu, ile rangi ya kuondoa unjano kwenye nguo nyeupe. Kidogo tu.

"Ukizidisha," Gladness alisema huku akitabasamu, "Mama anakuambia shuka limekuwa kama ukuta wa duka la simu."

Halafu jua. Na hapo ndipo palikuwa na vita. Kuna wale korongo wakubwa wanaokaa juu ya mawe, hawajui shuka wala kanzu. Kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi. Wakitua kwenye shuka bichi, ukiwapiga tu umeharibu, wanaacha doa la kijani. Wafanyakazi wapya waliwapiga. Odeta aliwazuia. Subirini likauke, kisha mlikung'ute. Wenzake wanasema walikuwa wakisikia sauti yake kuanzia asubuhi, anagombana na korongo kama anagombana na shemeji zake.

Mashuka yakichakaa pembeni, aliyashona mwenyewe. Rose, aliyekuwa mtandika vitanda wa hoteli ile na rafiki yake wa karibu, aliijua mishono ya Odeta. Rose siku hizi anauza vitenge sokoni. Aliniambia, "Mshono wake ulikuwa mdogo mdogo, umeegemea upande mmoja kama maandishi ya mtu anayetumia mkono wa kushoto. Hata ungenifumba macho ningeujua kwa kidole."

Hayo ndiyo maisha aliyoishi Odeta kwa miaka mingi. Kufua, kusuuza, kuanika, kupiga pasi. Gladness akasoma, akaolewa. Mama akabaki na mashuka yake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye ile Jumapili.

Ni miaka kadhaa sasa imepita. Boti moja ya mbao yenye injini ilikuwa inarudi kutoka ng'ambo, imebeba watu waliotoka harusini. Mchana ule upepo uligeuka. Boti ilikuwa imeshakaribia nchi kavu, watu wa ufukweni wanaiona, wanasikia hata nyimbo. Ikapigwa upande, ikajaa maji, ikapinduka mbele ya mawe ya hoteli.

Odeta alikuwa kwenye chumba cha pasi. Alikuwa anamalizia mashuka ya wageni wa mkutano waliotarajiwa kuingia Jumatatu. Alisikia mayowe. Akachomoa pasi, akatoka.

Wavuvi waliingia majini na mitumbwi yao. Waliowatoa wakiwa hai, waliwatoa. Wengine waliwalaza mchangani. Na wale waliolazwa mchangani, wasikilizaji wapendwa, maji yalikuwa yamewavua nguo. Kina mama waliokuwa wamevaa magauni ya harusi, walikuwa wazi. Mabinti, walikuwa wazi. Watu wakajaa. Na watu wengi walikuwa wameinua simu juu, wanapiga picha.

Rose alikuwepo. Namnukuu. "Odeta alisimama akaangalia zile simu. Hakupiga kelele. Aligeuka akarudi ndani. Nikafikiri ameshindwa kuangalia. Mara namwona anatoka amebeba mashuka kifuani, yamefika hadi kidevuni, yana moto wa pasi bado. Akaanza kuwafunika. Mmoja mmoja. Anamfunika, anamchomekea pembeni kama anatandika kitanda. Akirudi ndani anatoka na mengine. Kijana mmoja alikuwa anarekodi, Odeta akamwambia, 'Mwanangu, shika upande huo tumfunike dada yako.' Kijana akaweka simu mfukoni, akashika."

Kati ya waliofunikwa siku ile alikuwepo mke wa mzee Luhende, mkulima wa ng'ambo. Luhende alinusurika. Mkewe hakunusurika. Luhende alikuwa amekaa mchangani anatetemeka, na alimwona mwanamke asiyemfahamu akimfunika mkewe kwa shuka jeupe, kisha akimfuta tope usoni kwa ncha ya khanga yake.

Magari yalipokuja, miili ilichukuliwa ikiwa ndani ya mashuka hayo. Ikapelekwa mochwari.

Kesho yake asubuhi, wageni wa mkutano wakaanza kuingia. Kabati la mashuka lilikuwa karibu tupu. Meneja wa wakati ule alimwita Odeta. Rose alikuwa amesimama mlangoni, aliyasikia mazungumzo yote.

"Mashuka yako wapi?"

"Nimewafunikia watu wa ajali, bosi."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna. Watu walikuwa uchi."

"Hiyo ni mali ya hoteli."

"Najua. Nitayaleta. Nitayafua yote nitayaleta."

Odeta akaenda hadi mochwari. Alimwomba mhudumu wa pale, akasubiri ndugu watambue watu wao. Familia nyingi zilikuja na sanda zao, na yale mashuka yakaachwa. Mhudumu akayaweka kwenye viroba. Odeta akavibeba hadi kwake Mabatini, maana hotelini aliambiwa asiingie na viroba hivyo.

Wasikilizaji wapendwa, hebu fikirieni mashuka hayo. Tope la ziwa. Mchanga. Damu za watu waliogonga mawe. Mafuta ya injini. Gladness alikuja kumsaidia mama yake. Anasema walianza kwa kuyakung'uta mchanga bila kuyalowesha. Kisha maji ya baridi na chumvi, kwa ajili ya damu. Wakamwaga, wakaweka mengine, wakamwaga tena. Mafuta ya injini wakayasugua kwa sabuni kavu kabla maji hayajayagusa. Ndipo yakachemshwa.

"Nilimwambia, mama, haya yatupwe tu, nani atayataka?" Gladness ananisimulia. "Akaniambia, 'Nimeahidi. Halafu hawa watu hawana doa, Gladness. Tope ndilo lina doa.' Aliyafua siku nyingi. Yakiwa juani, majirani walisimama kuyaangalia. Sijawahi kuona nguo nyeupe kama zile. Zilikuwa zinaumiza macho."

Aliyapiga pasi, akayakunja, akayarudisha.

Hayakutimia. Na Odeta alijua hayatatimia. Familia ambazo hazikuwa na kitu ziliondoka na watu wao jinsi walivyokuwa, ndani ya shuka la hoteli. Mke wa mzee Luhende alizikwa nalo.

Meneja akayaangalia. Akauliza, "Mengine yako wapi?"

Odeta akajibu neno moja. "Yamezikwa."

Meneja aliwaita wafanyakazi wote uani. Akasema mbele yao kwamba Odeta ameiba mali ya hoteli, na wizi haukubaliki. Mlinzi akaambiwa aupekue mkoba wake. Ndani ya mkoba kulikuwa na khanga, kipande cha mkate, na kopo la buluu. Hilo kopo la buluu wakalichukua, wakasema nalo ni la hoteli. Alikuwa amelinunua mwenyewe.

Kabla hajatoka, aliuliza afanye nini na mashuka aliyoyaleta. Meneja akamwambia, "Yaache hapo. Hayafai tena. Hakuna mgeni atakayelalia shuka la maiti."

Odeta akayaacha.

Alifukuzwa kazi kwa wizi. Narudia, ili isipotee: Odeta Shigela alifukuzwa kazi kwa wizi, kwa kuwafunika watu waliokufa maji.

Na sasa sikilizeni hili. Haukupita muda, Rose aliletewa mashuka ya kutandika vyumba vya mbele, vile vinavyotazama ziwa. Alipolikunjua la kwanza, kidole chake kikapita pembeni. Ule mshono. Mdogo mdogo, umeegemea upande mmoja. Na shuka lenyewe linawaka kuliko yote yaliyobaki kabatini. Akalikunjua la pili. Vilevile. Mashuka yale yale yaliyosemwa hayafai, yanatandikwa vyumba vya bei ya juu. Wageni walimsifia meneja. Wakauliza anatumia sabuni gani.

Rose alilia. Baada ya kazi akaenda Mabatini kumwambia rafiki yake.

"Nilidhani atakasirika," Rose anasema. "Nilitaka akasirike. Aliniangalia tu, akaniuliza, 'Wameyatandika vyumba vya mbele?' Nikamwambia ndiyo. Akasema, 'Basi yalitakata.' Halafu akaingia ndani, akafunga mlango. Nikamsikia analia."

Wasikilizaji wapendwa, mngependa niwaambie kwamba mji ulimpokea. Haukumpokea.

Odeta alianza kufua nyumbani. Mashuka ya maharusi, ya wageni, nguo za watoto wachanga. Mwanzoni alipata wateja. Kisha maneno yakaanza kutembea. Sijui yalitokea wapi. Gladness anasema yalitoka kwa walinzi wa hoteli. Wakasema yule mama anafua mashuka ya maiti. Wakasema mabeseni yake yametumika kuoshea wafu. Wakampa jina. Sitalirudia hapa hewani. Wenyewe mnajijua.

Asubuhi moja alikuja jirani yake, mwanamke aliyekuwa ameleta mashuka ya kitanda cha harusi ya mdogo wake. Gladness alikuwepo, amekuja kumsalimia mama.

"Shikamoo, Mama Gladness."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kuchukua vyangu."

"Bado viko kwenye sabuni. Havijasuuzwa."

"Nitasuuza mwenyewe."

Akainamisha beseni, akayatoa yanachuruzika povu, akayabeba hivyo hivyo kwenye ndoo. Povu likabaki linadondoka njiani. Odeta alisimama mlangoni, mikono ina maji.

Baada ya hapo wengine nao wakaacha kuja. Akawa anafua sare za shule za watoto wa nyumba mbili tatu, na wakati mwingine mashati ya makondakta. Mabeseni yakakauka. Watu ambao walimuomba siri ya buluu, wakawa wanavuka upande wa pili wa njia.

Mtu mmoja alikuja. Mzee Luhende. Alivuka na feri, akaulizauliza mjini hadi akafika Mabatini. Alibeba kuku na mfuko wa mchele. Alifika akasimama uani, akavua kofia.

"Mama, wewe ndiye uliyemfunika mke wangu?"

"Ndiyo, baba. Pole sana."

"Sikuwa na kitu cha kumzikia. Nimekuja kulipa shuka."

Odeta alikataa. Alikubali kuku, akamchinja, wakala pamoja na Gladness. Mzee Luhende alipoambiwa kwamba mama huyu alifukuzwa kwa ajili ya shuka hilo, aliacha kula. Akasema anaenda hotelini sasa hivi, akawaambie liko wapi. Waje na jembe, wakalichimbue wenyewe. Odeta akamshika mkono. "Baba, kaa ule. Utafukuzwa getini tu. Mimi sitaki na wewe wakuite jina baya." Wakati wa kuondoka, mzee alimshika mikono yote miwili. "Wabeja, mama. Wabeja sana." Hiyo ni asante yetu huku.

Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia Odeta asante. Na alikuwa wa mwisho.

Mwaka huu presha ilimpanda. Akapata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Gladness alimchukua akakaa naye. Anasema mama yake alikuwa akikaa kwenye kiti uani, akiona nguo nyeupe zimeanikwa kwa jirani, anaziangalia kwa muda mrefu, halafu anageuza uso. Mwezi huu alilazwa, na hakurudi nyumbani.

Wiki iliyopita, Magu, kwenye msiba, ilitokea jambo. Hoteli ilituma mwakilishi. Kijana, amevaa suti, amekuja na shada la maua. Muda wa salamu za rambirambi ulipofika, alisimama akasoma. Alisema hoteli imempoteza mfanyakazi hodari, aliyeitumikia kwa uaminifu hadi alipostaafu.

Gladness alinyanyuka pale alipokuwa amekaa na kina mama. Hakuwa na kipaza sauti. Hakukihitaji.

"Mama yangu hakustaafu. Mlimfukuza. Mlimwita mwizi mbele ya watu. Kama mmekuja kumsifu, anzeni kwa kusema hakuwa mwizi."

Katekista aliinua mkono kuomba utulivu. Utulivu ulikuwa umeshakuwepo. Na hapo, nyuma kabisa, akasimama mzee Luhende. Alikuwa amevuka ziwa na kupanda gari hadi Magu kumzika mtu asiye ndugu yake. Akasema, "Kijana, hilo shuka mnalolidai liko kwangu. Liko kaburini. Mke wangu amelilalia. Mwambie bosi wako."

Mwakilishi alikunja karatasi yake. Akakaa. Akala ubwabwa wa msiba kama watu wengine, akapanda gari akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya kuingia studio nilipiga simu hotelini. Aliyepokea aliniambia, "Dada, hayo mambo ni ya zamani. Meneja huyo hayupo tena." Nikamuuliza kama hoteli inaweza kusema jambo moja tu, kwamba yule mama hakuiba. Akasema atawauliza wakubwa. Hadi nawasha kipaza sauti hiki, simu haijapigwa.

Kwa Gladness, kwa ndugu wote wa ukoo wa Shigela kule Magu, poleni sana. Kwa mzee Luhende, pole, na asante kwa kusimama. Kwa Dada Rose, asante kwa kusema uliyoyaona. Mungu amlaze Odeta mahali pema.

Na kwenu mliokuwepo ufukweni ile Jumapili mkiwa na simu mikononi. Kwenu mliochukua mashuka yenu na povu. Sina cha kuwafundisha. Nawaomba tu leo mkae na jambo hili. Kina mama walikuwa wamelala wazi mbele ya mji mzima, na katika mji mzima, mtu mmoja tu alirudi ndani kutafuta nguo. Huyo ndiye tuliyemwita mwizi. Huyo ndiye tuliyempa jina baya. Alikuwa anaishi katikati yetu, anatuitikia marahaba, na sisi tukavuka upande wa pili wa njia.

Anaitwa Odeta Shigela. Hakuiba. Nimelisema mimi, redioni, akiwa ameshazikwa, kwa sababu waliopaswa kulisema akiwa hai wamekaa kimya hadi dakika hii.